Aliyesema Alimwona Njoroge

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa Mutuini karibuni tu, na mama mkwe akaniomba nimsomee kitabu cha vita cha mwanajeshi mmoja mstaafu. Huyo alikuwa rafiki wa mwanawe Njoroge, shemeji yangu aliyeuawa vitani. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba Njoroge alilala akiwa zamu ya ulinzi, adui akaingia kambini, wenzake wakafa. "Nilimwona kwa macho yangu," mwandishi alisema.

Mama hakulia. Aliniambia nirudie, kisha akauliza, "Si huyu ndiye aliongea kwa mazishi?"

Ndiye. Kwetu mtu hazikwi mpaka mwenzake wa kazini asimame aseme neno, na mazishi yale nilihudhuria nikiwa mchumba. Alilia mbele ya kaburi, akasema hatajisamehe, maana Njoroge aliuawa yeye akiwa likizo nyumbani kwake, mtaa wa Satellite.

Tukaenda uzinduzi wa kitabu, hoteli moja mjini. Suti, chai ya maziwa, makofi kila mara. Nilimshuku kila mtu mle, hata aliyetuonyesha viti. Mama akanyoosha mkono.

"Kijana, siku ya mazishi ulituambia ulikuwa likizo. Sasa Njoroge ulimwona ukiwa wapi?"

Akatabasamu. "Mama, mambo ya vita huja tu polepole. Hiyo nilikumbuka baadaye."

"Ulikumbuka na macho ya nani?"

Mfawidhi wa shughuli akanyakua kipaza sauti, akaomba swali lingine. Vitabu viliendelea kununuliwa.

Njiani nilimwambia Mama nimefurahi kujua Njoroge hakulala. Akanigeukia kwa ukali.

"Nani amekuambia hakulala? Labda alilala. Mimi sikuwa huko, wewe hukuwa huko. Na huyo pia hakuwa huko."

Ndipo akalia.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuambia aliona, muulize alikuwa amesimama wapi, hata kama kifua chake kimejaa medali, hata kama maneno yake ndiyo uliyotamani kuyasikia. Nawe ukisimulia habari za marehemu, koma pale macho yako yalipokoma. Mungu akutunze, akupe miaka mingi, na siku watakapokusimulia wewe, akujalie msimulizi aliyekuwepo.