Mwari wa Televisheni

Bi Fadhiya wa Mji wa Kale alikuwa na kazi moja tangu ujana wake: kuwafunza maarusi kuketi. Usicheke. Kuketi ni kazi. Bibi harusi anayepambwa huwekwa juu ya jukwaa mbele ya ukumbi mzima wa wanawake wenye macho makali kuliko sindano, naye hatakiwi kukohoa, kutikisa mguu, wala kumtafuta mamake kwa macho. Hapo ndipo anapoingia somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza hayo yote na kusimama nyuma ya kiti chake siku yenyewe. Maarusi wa Fadhiya walitulia sana. Mmoja alitulia hata mgeni aliyetoka Lamu akamtundikia mkoba begani, akidhani ni sanamu ya duka la nguo. Mwingine alishukiwa na kunguru utosini, kunguru akaanza kuleta vijiti vya kiota, na mwari hakupepesa jicho. Wanaosema ni uongo hawakuwako.

Fadhiya huyo ndiye aliyemlea Mzamil, mtoto wa marehemu kakake, na Mzamil alikuwa kinyume cha mwari. Alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu mwema, mzungumzaji hodari akiwa barazani, lakini mwili wake haukujua kupumzika. Akinena, goti linacheza, sikio linakunwa, kofia inavuliwa na kuvaliwa. Alipojitokeza kugombea uwakilishi wa wadi, watu walimuunga mkono mpaka siku ya mdahalo wa kwanza wa televisheni. Siku hiyo alijikuna hata watazamaji wa ng'ambo ya Likoni wakaanza kuwashwa. Aliulizwa juu ya maji, akautazama mlango. Aliulizwa juu ya taka, akaitazama dari. Asubuhi yake muuza kahawa alisema kwamba alichokiona yeye ni mtu aliyeiba viatu msikitini.

Mpinzani wake, Kombe, aliwahi kuwa refarii wa mpira, na alijua kunyoosha kidole. Akikinyoosha kwenye televisheni, hata wewe uliyeketi sebuleni kwako ulihisi umepewa kadi nyekundu. Maneno yake hakuna aliyeyakumbuka. Kidole kila mtu alikikumbuka, na ndicho walichotaka kukipigia kura.

Fadhiya alitaka kitu kimoja tu, Mzamil ashinde. Hakumlea awe kichekesho cha muuza kahawa.

Kulikuwa na bwana mmoja wa kampeni, Jeremy, mtu wa bara, aliyesomea mambo ya kamera. Akamfunza Mzamil kukodoa macho, kukunja ngumi, kuukata upepo kwa kiganja. Mzamil akatoka kwenda kufanya mazoezi mtaani. Mzee wa kwanza aliyekutana naye alikodolewa macho mpaka akasimama kichochoroni, akauliza kwa upole, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Mzee wa pili hakuuliza, alikwenda moja kwa moja kushtaki kwa Fadhiya.

"Yakhe Jeremy," Fadhiya akasema, "huyu wataka awe mwakilishi au awe bondia?"

"Mama, kamera inapenda mtu anayejiamini."

"Kamera ina mama? Ina shangazi? Basi haina inachojua. Niachie mimi."

Akamtia Mzamil ndani. Wallahi, alimtia ndani kama mwari, pazia likateremshwa, udi ukachomwa. Akamketisha kwenye kiti kile kile cha maarusi, na kila goti lake lilipocheza likapata kofi. Mgongo wima. Mikono magotini, wa kulia juu ya wa kushoto. Macho chini, yasimame pale magoti ya wageni yanapoishia.

"Na nikiulizwa, shangazi?"

"Ukiulizwa, usirukie jibu kama kuku aliyeona mtama. Nyamaza. Waache waulize tena, na tena. Mtu anayeulizwa mara nyingi ana thamani."

Siku ya mdahalo wa pili, baada ya alasiri, walipanda tuktuk kwenda Ganjoni, kwenye ghorofa ya kituo cha televisheni. Fadhiya akaketi viti vya mbele pamoja na jirani yake Shukri, ambaye alibeba simu yake mkononi kama mtoto mchanga. Taa zikawaka. Kombe akaingia akipunga mikono. Mzamil akaingia akielea. Hakutembea, alielea, na waliokuwako watakuambia harufu ya udi ilipita kwenye kioo cha televisheni ikaingia majumbani.

Aliketi. Akatulia. Mtu wa kamera akagonga mtambo wake, akidhani picha imekwama.

"Ametulia kama waziri," Jeremy akanong'ona kutoka kiti cha nyuma yao, amefurahi.

Kombe akaanza. Alisema ya maji, alisema ya taka, kisha kidole kikatoka. "Huyu bwana mnayemwona hapa," akasema, "ameshaafikiana na wenye maghala. Kiwanja chetu, pale watoto wanapocheza mpira, kitakuwa maegesho ya malori!"

Mwendeshaji, mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Eddah, akageuka. "Bwana Mzamil, ni kweli umekubali kiwanja kichukuliwe?"

Mzamil akateremsha macho. Kimya.

"Bwana Mzamil? Umekubali?"

Macho yakashuka zaidi. Kimya cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Chai ya askari wa mlangoni iliingia utando.

Sasa, mtu wa bara angesema huyu bwana anafikiri. Lakini Mji wa Kale kila mtu amehudhuria nikaha. Kadhi humuuliza mwari, je, umekubali? Mwari huinama, hunyamaza, na watu hutoka nje wakisema ameridhia, leteni halua. Hakuna kimya kingine wanachokijua kinachofanana na kile.

Simu ya Shukri ikaanza kutetemeka. Akasoma ujumbe wa kwanza, akashika kifua.

"Fadhiya. Wasema ameridhia."

"Nani ameridhia?"

"Mzamil! Ameulizwa kama amekubali, akainama. Mtaa mzima wasema kiwanja kimekwenda. Kuna wanawake wamepiga vigelegele kabla ya kukumbuka kwamba si harusi."

Fadhiya akatazama jukwaani. Akamwona yule mtoto aliyemlea, mgongo wima, mikono magotini, amenyamaza uzuri kuliko wari wake wote, akiuzika uchaguzi wake kwa adabu aliyofunzwa na shangaziye. Na Eddah ndiyo kwanza anafungua kinywa kuuliza mara ya tatu. Kimya cha tatu, kwa mtu wa Mji wa Kale, ni ndoa.

Akainuka. Jeremy alijaribu kumzuia, akabaki na pindo la buibui mkononi. Fadhiya alivuka nyaya, akavuka meza ya maji, kamera ikamfuata kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufuata. Akasimama nyuma ya kiti, pale somo anaposimama, akamfinya Mzamil ubavuni, mfinyo wa kumwamsha maiti.

"Sema, mwanangu! Hapa huozwi!"

Mzamil akaruka. "Si kweli!" Na alipoanza, mwili wote ukaanza. Goti likacheza, mikono ikaruka, kofia ikaanguka akaikanyaga. Alisema hajaonana na mwenye ghala yeyote isipokuwa kumdai karatasi za mizigo. Alisema wanawe wawili wanacheza pale. Alisema lori la kwanza litakaloingia litapita juu yake yeye, na akaonyesha kwa mikono litakavyopita, kuanzia miguuni.

"Mwaona!" Kombe akapiga kelele, kidole juu. "Mwanamume mzima anasemewa na shangaziye!"

Fadhiya akageuka polepole. "Nawe, wamnyooshea nani hicho?"

Kombe alikuwa mtoto wa watu, amelelewa vizuri kwao Kaloleni. Kidole kikashuka chenyewe. Mikono ikaenda nyuma ya mgongo, kichwa kikainama, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyefumaniwa na sukari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Akaketi.

Picha hiyo ilizunguka kwenye simu mpaka wavuvi wa Liwatoni wakaitazama majini. Mji wa Kale walisema, mtu mwenye shangazi kama huyo hathubutu kula mali ya wadi. Ganjoni kwenye maghorofa walisema hawajaelewa kilichotokea, lakini yule mama angefaa. Mzamil akashinda, si kwa wingi, lakini akashinda. Jeremy alirudi bara akieleza kwamba mfinyo ule ulikuwa mpango wake.

Shida ikabaki moja. Mzamil anaapishwa, anavaa koti, anaketi barazani na madiwani wenzake, lakini watu wa wadi hawaendi kwake. Wanakwenda kwa Fadhiya. Anamchora mwari maua ya piko, ile rangi nyeusi ya maarusi, mlangoni kuna foleni: mtaro umeziba, bomba limepasuka, taa haiwaki.

"Shangazi," Mzamil akamuuliza wiki iliyopita, amejipenyeza kwa mlango wa uani ili asikutane na foleni, "mwakilishi ni mimi au ni weye?"

"Ni weye, babangu." Hakuinua macho kutoka mkono wa mwari. "Ndiyo maana nimewaambia wale wa mtaro kwamba weye utakwenda sasa hivi. Vua viatu hivyo, kuna matope."