Neno Nililoshindwa Kulisoma Dodoma

Wajukuu zangu wakitaka nihame kwenye kiti changu hunitajia mkutano wa walimu wa Dodoma, nami nahama mwenyewe bila ugomvi, maana mimi nimezeeka lakini aibu ile haijaota hata mvi moja. Basi leo naieleza yote, mcheke mara moja yaishe.

Kwanza mjue mimi si msomi. Shule nilikaa mpaka mvua zilipoanza, baba akaniondoa nikachunge. Herufi nilizijulia mjini, nikibeba magunia ya duka la Mhindi mmoja (magunia yale yalikuwa na maandishi, nami sipendi kubeba mgongoni kitu kinachosema maneno nisiyoyajua), nikauliza uliza, nikacheka na wanaonicheka, nikarudi kwetu upande wa Bahi nasoma gazeti zima. Kwa hiyo serikali ya Mwingereza ilipotaka watu wazima wafundishwe kusoma, mwalimu alikuwa nani kijijini? Mimi. Cheti sina, chuo sikukiona, lakini watu walisoma!

Ila palikuwa na neno moja. Kitabu tulichopewa, somo la tatu, kilikuwa na picha ya jembe na neno lenyewe chini yake. Na Jembe ndilo jina la baba mkwe wangu. Alipewa na watu wa misafara ujanani mwake, akiwabebea majembe, likamganda. Kwetu Ugogo huwezi kulitamka jina la mkwe wako, hata kama ni jina la kitu cha kila siku, labda uwe umelewa au umerukwa na akili. (Leo naliandika kwa sababu kalamu haina mdomo, mzee amekwisha kufa na ulimi wangu bado unalikataa.) Basi darasani nilipofika hapo nilisema, "Hiki ni kilimio, semeni kilimio," nao wakasema kilimio, tukaendelea na somo la nne, na wala hakuna aliyekufa.

Ndipo ikaja habari kwamba walimu wote wa watu wazima tukutane Dodoma, kila mmoja aje na wanafunzi wanne na mzee mmoja wa kijiji, afundishe mbele ya Bwana Elimu, yule Mzungu mkubwa wa shule. Mwalimu asiye na cheti akishindwa, darasa lake linafungwa. Mwanafunzi wangu mmoja, Mama Nyemo, mjane ambaye mwanawe alikuwa kwenye mikonge huko Tanga, alinishika mkono. "Mwalimu, wakilifunga mimi nitarudi kusomewa barua zangu na karani, anasoma kwa sauti mpaka mbuzi wanajua habari za nyumbani kwangu. Usituangushe."

Mzee wa kwenda alikuwa jumbe wetu, lakini mguu ulimvimba. Mke wangu akasema, "Mchukue baba." Hapo ningekataa. Lakini mkwe wangu alikuwa amezoea kusema kwamba binti yake ameolewa na mbeba magunia, na mimi nikawaza: aje, akae, anione nimesimama mbele ya Mzungu. Nikasema, "Haya, aje." Neno dogo tu hilo.

Tulikwenda kwa lori la ngozi, mkwe mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya ngozi na harufu yake, nikitazama upande mwingine kama adabu inavyotaka. Asubuhi, kwenye ukumbi wa shule moja mjini, wazee wakaketishwa nyuma, na karani akawafundisha kwamba kila atakayesikia jina lake asimame, aitike kwa nguvu, "Nipo, bwana!" Wazee wakaitwa mmoja mmoja, wakasimama, wakaitika. Mkwe wangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani, lakini hilo alilishika vizuri sana.

Zamu yangu ikafika. Nilianza vizuri, wanafunzi wangu wanasoma kama maji, nikaanza hata kutembea tembea mikono nyuma kama walimu wa chuo. Bwana Elimu akainuka, akaichukua fimbo yangu, akaigusisha ubaoni, palipobandikwa somo la tatu, kwenye neno lile chini ya picha.

"Hili?"

Wote wanne, kwa sauti moja, "Kilimio!"

Akacheka mmoja, wakacheka walimu wote. Mzungu hakucheka.

"Tena," akasema.

"Kilimio!"

"Hawa hawasomi," akasema Bwana Elimu. "Wanatazama picha na kukisia. Mwalimu, soma wewe."

Jamani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilijua mkwe alipo bila kumtazama, safu ya nyuma, mkono wa kushoto, amejifunika shuka lake jeusi. Kueleza nisingeweza, maana kueleza ni kutaja, na isitoshe asubuhi ile ile Bwana Elimu alikuwa ametuambia mambo ya kishenzi tuyaache mlangoni. Nikajaribu herufi: "Je... e... emu..." nikakwama. Nikainama nikalima sakafu ya saruji kwa mikono mitupu, nikimwonyesha Mzungu kwamba maana naijua.

Mwalimu mmoja kijana, mtu wa pwani, suruali imenyooka kama kisu, akasema, "Bwana, mwacheni alime, huenda ndiyo kazi anayoiweza." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Husomi?" akauliza Bwana Elimu. "Basi darasa hili limekwisha."

Mama Nyemo akaninong'oneza, karibu kulia, "Mwalimu, liseme! Si utatozwa kondoo tu? Liseme!"

Nami nikafumba macho, nikapiga kelele kama mtu anayeona nyoka:

"JEMBE!"

Na kutoka nyuma, kwa nguvu zote za kifua cha mzee:

"NIPO, BWANA!"

Alikuwa amesimama wima, shuka begani, mkono juu. Akatafuta anayemwita. Akaniona mimi. Mkwe wangu, mbele ya Dodoma nzima, ameniita bwana! Ukumbi ule ulicheka mpaka watu wakashikilia madirisha, isipokuwa mwalimu mmoja mzee kutoka Kondoa aliyeinuka akamwambia Mzungu polepole, "Bwana, hilo ni jina la baba mkwe wake. Kwao halitajwi." Bwana Elimu akanirudishia fimbo yangu. "Lakini umelisoma," akasema. "Darasa libaki. Na wafundishwe neno lenyewe."

Nilipogeuka, mzee alikuwa amejifunika shuka kichwani, anatoka. Alirudi kwetu kwa miguu, akalikataa lori. Mke wangu akaondoka kwenda kwao bila kuniaga. Nilipopeleka kondoo na ndugu zangu kuomba msamaha, mzee alikaa ndani, akasemea ukutani: "Mwambieni, je, alinipeleka mjini nikamwone yeye, au watu wanione mimi?"

Kondoo alipokelewa, mke akarudi baadaye sana, na toka hapo nikiitwa mahali pa kusifiwa nakwenda peke yangu, sichukui hata jirani.

Darasa liliendelea. Somo la tatu lilipofika nilimwachia chaki Mama Nyemo, nikatoka nje nikasimama juani, nikiwasikia watu wazima wanalitaja jina la mkwe wangu kwa pamoja, tena na tena, kwa sauti kubwa, na mimi macho yote kwenye njia ya kwake, nikiomba upepo uwe unavuma upande mwingine.