Maneno Mangapi kwa Vyungu vya Mama Mkubwa

Shemeji yangu alipoingia dukani na maneno sitini na kitu kwenye simu yake, jambo la kwanza nililojiuliza ni nani amemtuma. Ndivyo nilivyo. Mume wangu husema hata nikiletewa chai na mtu nisiyemjua, hutazama kwanza chini ya kikombe. Sioni ubaya wake. Mtu aliyekaa na duka la stesheneri Kyela mjini kwa muda wangu mimi, akaletewa vyeti vya ajabu ajabu avitolee kopi na kuambiwa asiulize, lazima awe na macho.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Anaishi Mbeya na kazi yake ni kutengeneza tovuti. Nilimwomba anitengenezee moja ya kuuzia vyungu vya mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea, kule Ikombe, kijiji cha ufukweni ambacho mpaka leo unapanda mtumbwi Matema ndipo ukifike. Vyungu vyake vilininunulia sare na madaftari. Siku hizi ndoo za plastiki na sufuria zimejaa kila soko, na vyungu vilikuwa vikirudi nyumbani na mtumbwi uleule uliovileta. Wanawe walitaka kumhamishia Mbeya kwa kaka yangu, mwanawe wa kwanza. Yeye akawapa jibu moja: “Siku nikiacha kufinyanga, mje mnichukue. Kabla ya hapo msinisumbue.” Kwa hiyo wanunuzi wasingepatikana, angeondoka Ikombe. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, tovuti ilikuwa njia tu.

Maneno yenyewe, shemeji alinieleza, ni yale ambayo watu huyaandika kwenye simu wakitafuta kitu. Ukiyachagua vizuri na kuyaandika kwenye kurasa zako, anayetafuta anakuangukia wewe. Ukiyachagua vibaya, uko mtandaoni lakini hakuna anayejua kama upo. Nilielewa. Nisichokielewa ni kwa nini yawe sitini.

“Vyungu vyenyewe aina nne,” nikamwambia. “Cha kupikia, cha maji, cha maua na cha mapambo. Sitini ya nini?”

“Shemeji, tukiweka mengi tutapatikana na wengi.”

Nikamnyang’anya simu nikaanza kusoma. Vyungu vya udongo, sawa. Vyungu vya kupikia maharage, sawa. Kushuka kidogo nikakuta “mchele wa Kyela.” Nikamtazama.

“Sisi tunauza mchele?”

“Hatuuzi. Lakini unatafutwa sana. Mtu akija kwa mchele, ataona vyungu.”

Hapo nilikasirika kweli. Ndugu zangu wa upande wa baba wanalima mpunga Ikolo, wananyeshewa ndani ya majaruba, halafu unakwenda mji wa mbali unakuta gunia limeandikwa mchele wa Kyela na mchele wenyewe haujawahi kuiona Kyela. Ukiupika hauna hata harufu. Nikamwambia anataka kunifanya mimi niwe kama wale wanaochanganya, waliopita kwenye jina letu wakaliharibu. Akasema tovuti na gunia ni vitu viwili tofauti. Nikasema mimi sioni tofauti, vyote vina maandishi nje na kitu kingine ndani.

Chini zaidi nikakuta “chungu cha mganga.” Mama mkubwa ni mzee wa kanisa! Shemeji akacheka, akasema hilo ndilo linalotafutwa kuliko yote, watu wanahitaji chungu kipya kisichowahi kupikiwa, wala hawabishani bei. Nikalifuta mwenyewe kwa kidole changu. Wiki ile bado alinipigia mwanamume mmoja, sauti ya chini, akiuliza kama chungu changu kimeshaona jua. Nilimwambia kimeona jua, mwezi na polisi, na hakupiga tena. Mpaka leo naamini namba yangu ilitoka kwa shemeji.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni, bila kulazimishwa, akasema: “Basi. Kwa kawaida kila ukurasa unapewa neno moja kuu na mengine machache ya jirani. Ukizidisha, ukurasa haujulikani unauza nini.” Alivyokubali haraka namna ile nikashuku alikuwa analijua hilo tangu mwanzo, na yale sitini yalikuwa ya kuifanya kazi ionekane kubwa. Hakukataa, alikunja tu waya wa chaja yake.

Tukabaki na kurasa nne za vyungu, nje ya ule wa mbele, na maneno manne makuu. Mimi nikataka na la tano, “vyungu vya Ikombe.” Shemeji akasema hilo hakuna anayelitafuta, watu wa nje hawaijui Ikombe, wanavijua vyungu pale vinapouzwa, kwa hiyo wanaandika vya Kyela au vya Matema, na hayo alikwisha kuyaweka kati ya yale ya jirani. Nikamwambia aliweke hata kule chini kabisa. Akaliweka kwa kunihurumia.

Ila neno nililolipigania kuliko yote lilikuwa la ukurasa wa mbele: vyungu vya mkono wa bibi. Chini yake tukaweka picha ya mikono ya mama mkubwa ikiwa ndani ya udongo, na maelezo kwamba kila chungu kimefinyangwa na mwanamke mmoja, mwenyewe, Ikombe. Niliwaza wachuuzi. Niliwaza magunia. Nikasema anayenunua kwetu ajue amenunua kwa nani.

Na neno lile likafanya kazi. Simu zikaanza, moja leo, nyingine kesho. Mama mwenye mgahawa Mbeya. Bwana mmoja wa Iringa aliyetaka vya maji. Wote waliuliza swali lilelile, kama ni kweli anavifinyanga bibi mwenyewe, na mimi nikijibu kwa sauti ya mtu anayejivunia. Vyungu vikawa vinavuka kwa mtumbwi mpaka Matema, vinapakiwa kwenye gari, vinanifikia Kyela vimefungwa majani makavu ya mgomba. Nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, mama mkubwa haendi kokote.

Furaha yangu haidumu sana peke yake. Vilianza kuja vingi. Miaka yote niliyomfahamu mama mkubwa, akifinyanga wiki nzima hapati idadi ile, na umri umekwenda. Tena vyote vilikuwa sawasawa, visafi, bila kule kuinama kidogo upande mmoja ambako chungu chake huwa nako. Nikakaa navyo stoo nikaanza kuvigonga kwa kidole, kimoja kimoja, vikalia vizuri. Havikuwa vibovu. Nikaingiza mkono ndani ya shingo.

Kidole gumba cha kulia cha mama mkubwa kimepinda. Kilipondwa na mchi kabla sijazaliwa, ukucha wake ukaota ubavuni. Anapounga mdomo wa chungu na mwili wake, kidole hicho huacha mfereji mdogo kwa ndani, uliolala upande. Utotoni nilipotumwa kuosha vyungu, nilikuwa naufuata kwa kidole changu. Kwenye vyungu vile vya stoo nilitafuta mfereji huo hadi mkono ukachubuka. Palikuwa laini kote.

Nikaona nimeibiwa. Nikadhani kuna mtu njiani anavibadilisha, nikamshuku mwenye mtumbwi, nikamshuku dereva, nikamshuku na shemeji, ingawa sikujua angevibadilishaje akiwa Mbeya. Jumamosi nikafunga duka nikaenda Ikombe bila kuaga.

Nilimkuta mama mkubwa uani. Hakunisikia nikija. Jirani yake, mwanamke wa makamo ninayemfahamu, alikuwa amechuchumaa mbele ya kigae cha kufinyangia, anakizungusha kwa mkono mmoja na kuinua udongo kwa mwingine. Mama mkubwa alikaa pembeni na bakuli la rangi nyeupe, brashi ya unyoya ameibana katikati ya viganja viwili, kwa sababu vidole vilikuwa vimejikunja na havifunguki. Alikuwa anachora ule mstari wa mawimbi chini ya mdomo wa chungu. Mstari ulikuwa unatetemeka.

“Ugonile, mama,” nikamsalimu.

Akaruka. Kisha akaificha mikono chini ya kitenge, upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

“Nani amekuambia?”

“Shingo ya chungu.”

“Wewe tangu mdogo una jicho baya,” akasema. “Nilimwambia marehemu mama yako, huyu hataolewa.”

Jirani akanawa, akaondoka taratibu bila kuulizwa. Mama mkubwa akaniambia vidole vilianza kukataa tangu mvua za masika. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Jirani ndiye aliyejitolea, naye hana simu wala mteja, kwa hiyo anapata chake humo humo. Nilimuuliza mbona hakuniambia mimi.

“Wewe ungemwambia kaka yako.”

“Nisingemwambia.”

“Ungemwambia. Unapenda kila kitu kiwe kweli.” Akaitoa mikono, akaiweka magotini ilivyo. “Nikienda Mbeya nitafanya nini, mwanangu? Nitakaa kwenye kochi la mkwe wangu natazama geti. Baridi ile. Hapa asubuhi naliona ziwa, watu wananipita wananisalimu. Nikichora mstari mmoja nimefanya kazi. Niache hapa.”

Niliichukua mikono ile nikaishika, ilikuwa ya moto na migumu, na nililia mbele yake kama mtoto, mimi mwenye watoto wangu. Yeye ndiye aliyeninyamazisha. Nilipokuwa napanda mtumbwi akanishukuru, “Ndaga fijo, mwanangu,” na sikuwa nimemwahidi chochote.

Niliporudi Kyela nikafungua tovuti. Nikafuta vyungu vya mkono wa bibi. Nikaondoa picha. Nikafuta lile la mwanamke mmoja. Nikapita ukurasa kwa ukurasa nikiuliza kila neno linalotaja vyungu vinatoka wapi kama ni kweli. Vyungu vya Kyela si kweli sana. Vya Matema si kweli kabisa. Lililobaki likasimama vizuri ni lile la chini, vyungu vya Ikombe, nikalipandisha juu.

Shemeji akapiga jioni hiyohiyo.

“Shemeji, umefanya nini? Neno linalotuletea wateja umelifuta. Ukurasa wa mbele umebaki na mangapi?”

“Moja.”

“Hilo hakuna anayelitafuta, nilishakuambia.”

“Watalitafuta.”

Kisha akauliza kwa sauti ninayoijua vizuri, kwa sababu ni yangu: “Kuna nini Ikombe?” Nikamwambia mtandao unasumbua.

Wateja hawakuisha, walipungua. Waliokwisha kununua waliendelea kununua. Jirani alifinyanga, mama mkubwa akachora. Nikadhani limepita.

Kaka alinipigia Jumapili, baada ya ibada, nikisikia watoto wake nyuma yake. Tukasalimiana vizuri. Akasema alikuwa anawaonyesha wafanyakazi wenzake tovuti ya mama, hakuiona tena ile picha ya mikono.

“Tunabadilisha badilisha,” nikasema. “Mambo ya shemeji.”

“Mama bado anafinyanga?”

“Vyungu vinakuja kila wiki, kaka.”

Nilimsikia anatoka nje, akifunga mlango asisikike na watoto.

“Mdogo wangu,” akasema, “sijakuuliza vyungu. Nimekuuliza mama.”

Pale kwenye kaunta kulikuwa na chungu kimoja ambacho hakijachukuliwa. Nikaingiza mkono ndani ya shingo yake, pale palipo laini.

“Anafinyanga,” nikasema. “Mwenyewe. Kila siku.”