Ndoo ya Msomaji

Harufu ya mabibo yaliyochacha ikinifikia popote nilipo, nasikia pia ndoo zikiburuzwa kwenye vumbi la bombani, kwetu Makote. Kule juu Newala Mungu alitupa kila kitu isipokuwa maji, na kiangazi foleni ilianza alfajiri ikaisha magharibi. Hapo ndipo dada yangu Somoe, aliyekuwa darasa la saba, alipotusomea kitabu cha hadithi kisicho na jalada, alichoazimwa na mwalimu wake. Desturi yetu ilikuwa moja: msomaji hasogezi ndoo yake. Wasikilizaji humsogezea, asije akapoteza mstari. Mimi nilisogeza kwa bidii, nikijiona msomi kwa ujirani.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na tajiri mmoja kutoka Masasi akatuletea jenereta, televisheni na banda la video. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Foleni ikabaki ya ndoo zilizowekewa mawe. Wenyewe walikuwa bandani, wakitazama watu wakipigana mateke kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Nami ningekuwamo, ila mama alikwisha kuniahidi fimbo, nikaishia kuiacha foleni na kuchungulia kwa nje.

Akabaki Mama Chilumba, jirani yetu, aliyekuwa akikohoa tangu masika na ambaye hakujua kusoma. Ndoo ya Somoe aliisogeza kwa mguu, maana mikono ilishika kifua.

“Shikamoo, Mama Chilumba. Leo tusome sura mbili, tumalize?”

“Marahaba. Sura mbili za nini, we mtoto, unawahi basi? Nisomee ukurasa mmoja, tena urudie. Ukikimaliza, kesho nitaamkia nini?”

Basi Somoe akasoma ukurasa mmoja kwa siku, mara mbili, jenereta likinguruma. Mama Chilumba aliwatukana wahusika, kesho yake akawasamehe. Alizidi kukonda, na kitabu nacho kikazidi kupungua. Mvua zilipokaribia, asubuhi moja hakuonekana bombani. Tulimzika jioni, kurasa chache zikiwa zimebaki. Bandani hawakuzima jenereta.

Leo nafundisha chuo kikuu. Wanafunzi wangu huniomba muhtasari, hasa wa mwisho wa kitabu. Nawahubiria kusoma polepole, kwa kina, kisha nachungulia simu yangu chini ya meza. Juzi nilimpigia Somoe, nikamuuliza hadithi ile iliishaje.

“Sijui,” alisema. “Sikuendelea. Nani angenisogezea ndoo?”