Alinizibia Pancha Mbele ya Mama Yake Kana Kwamba Hanijui

Mhariri, jina langu libaki hukohuko mezani kwako. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, karani katika shirika moja la umma hapa mjini, na naishi Ilala kwa baba yangu mdogo. Ndugu wasomaji, naandika haya nikiwa na kichefuchefu, na si cha malaria.

Niko katika chama cha waendesha baiskeli cha hapa Kariakoo. Kila Jumapili asubuhi tunakutana nyuma ya soko, vijana wa maofisini na wa madukani, Wachaga, Wamatumbi, Waislamu kwa Wakristo, tunapiga pedeli mpaka Ubungo au Kunduchi, tunakula mihogo, tunarudi. Mwenyekiti wetu nitamwita Rajabu, ingawa si jina lake. Ndiye aliyenishawishi nijiunge. Kwenye mikutano husimama na kusema kwamba mwanamke ni mwenzetu katika kujenga taifa, na baiskeli haichagui. Nilimpendea maneno hayo. Tukawa wachumba, chama kizima kinajua, ila kwao tu ndiko sikuwahi kupelekwa. "Mama ana presha," alikuwa akiniambia, "subiri kidogo kwanza." Nami mjinga nikasubiri.

Chama chetu kina desturi moja. Anayeendesha nyuma ya wote tunamwita mkia. Yeye hubeba pampu, gundi na viraka, na ni mwiko kumpita mwenzake aliyeharibikiwa, hata kama jana yake waligombana. Siku hizi tairi jipya utalitafuta mpaka uchoke, tunaendeshea viraka juu ya viraka, kwa hiyo bila mkia hatufiki popote. Rajabu hujitolea kuwa mkia kila safari, na watu humsifu sana kwa hilo.

Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa tunarudi. Njia yetu ya siku zote pale Magomeni ilikuwa imejaa maji ya mvua, aliyetangulia akatukatisha mtaa mwingine. Nikamsikia Rajabu anapiga kelele nyuma, "Siyo huko! Rudini!" Lakini wenzetu walishapita. Mbele ya nyumba moja tairi langu likapasuka, nikaanguka, goti likachubuka vibaya. Mama mmoja mtu mzima akatoka mbio na kopo la maji.

"Pole mwanangu, pole. Kaa hapa barazani." Akainama akaniosha damu kwa mikono yake mwenyewe.

Ndipo Rajabu akafika. Akashuka kwenye baiskeli taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu mwone mwenzenu alivyoumia. Unamfahamu?"

Kumbe ndiye mama yake, ndiyo maana alitukataza mtaa ule! Nikasahau na maumivu, nikaanza kujiweka sawa ili nitambulishwe.

"Simfahamu," akasema Rajabu. "Atakuwa mgeni huyu."

Hakunitazama hata kidogo. Alipindua baiskeli yangu, akatoa mpira wa ndani, akaukwaruza, akapaka gundi, kama fundi wa barabarani anayesubiri ujira wake. Desturi ya chama aliitimiza, hilo sikatai.

Mama yake alikuwa anaongea tu. "Mimi udogoni nililia nipande hiki kitu, marehemu baba akanichapa. Wewe umethubutu, hongera! Una mchumba?" Nikatikisa kichwa kwamba sina. Akamgeukia mwanawe huku anacheka. "We Rajabu, si ndiyo mke huyu? Kila siku nakwambia uoe, unanipa visingizio."

Rajabu naye akacheka, mkono uko kwenye pampu. "Mama nawe! Mimi nioe mwanamke wa baiskeli? Wa kuzurura na wanaume barabarani?"

Wanaume hao ni yeye mwenyewe na wenzetu wa chama, tunaokula pamoja mihogo kwenye sinia moja! Tairi lilipojaa akanisogezea baiskeli, akasema, "Haya dada, safari njema." Dada! Na mama yake akamsifu kwamba ana huruma.

Kesho yake alikuja kunisubiri nje ya ofisi. Nilidhani ataomba radhi. "Nilishikwa na haya tu," akasema. "Sikiliza, mama macho yake si mazuri, na jana ulijifunga kitambaa kichwani. Acha baiskeli kuanzia sasa, siku ya kuja kwetu uvae baibui, hatakutambua. Utakuwa mtu mpya." Aliyasema hayo bila hata kupepesa macho. Nilimwacha amesimama pale, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo hata harufu ya ile gundi ikinipitia pale kwa mafundi, roho inachafuka.

Yeye akaona dawa ni kuharakisha. Wiki hiyohiyo akatuma washenga kwa baba mdogo, na posa ikapokelewa. Nyumbani ni furaha tupu. Mama mdogo anashinda kwenye foleni ya mchele na sukari kwa ajili ya wageni. Nilipomweleza, alinishangaa: "Kukuita dada ndiyo kosa? Kijana ana kazi, ana adabu, hanywi. Unataka malaika?" Baba mdogo hataki hata kusikia, anasema nitamwaibisha mbele ya watu.

Wageni kutoka kwao Rajabu wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mama yake ameapa kuja mwenyewe kumwona mkwe. Mama wa watu hana kosa lolote. Nikimwambia ukweli, nitamvunja moyo kwa mwanawe mbele ya ukumbi mzima. Nikikataa bila kusema sababu, mimi ndiye nitakayeitwa mhuni. Na nikijifunika baibui nikamwamkia kana kwamba sijawahi kumwona, basi nitakuwa nimemkana yule aliyeniosha damu, na mimi na Rajabu tutakuwa tumefanana kabisa. Nipeni neno, ndugu zangu: mama huyu akiingia mlangoni, nimpokeeje?