Injini Iliyozama Sakafuni

Wasike alikuwa mtu wa kuchoka kimya kimya. Alichokea Jinja, Uganda, katika kiwanda cha nguo, akilala chumba kimoja na wenzake kule Walukuba, mpaka masikio yake yakazoea kelele za mitambo kuliko sauti za watu. Kiinua mgongo chake hakukijengea nyumba kwao Kimilili, Kenya, wala hakukiolea mke wa pili kama ndugu zake walivyotazamia. Alinunua injini ya dizeli na kinu cha kusagia mahindi, akavipeleka Mbale, akapanga chumba katika jengo la Mhindi mmoja, mtaa wa viwanda. Nasimiyu, mkewe, akawa anapokea madebe ya mahindi mlangoni, naye Wasike akawa mweupe wa unga toka nyusi hadi viatu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuna aliyempigia king'ora aamke.

Mwaka wa sabini na mbili Wahindi wakaamriwa kuondoka. Mwenye jengo akafunga sanduku lake, akaenda. Watu walishangilia barabarani kana kwamba nchi imeokoka, kumbe ilikuwa ikibadilishiwa waporaji. Haukupita muda, mali za watu zikaanza kutembea gizani: leo godoro, kesho cherehani, kisha pampu ya jirani ikang'olewa nzima nzima, na kila mtu alijua waliong'oa walivaa buti za aina gani.

Wasike hakungoja zamu yake. Alivunja sakafu, akachimba, akaifunga injini kwa boliti ndefu, akamwaga zege la kokoto na saruji hadi miguu ya injini ikazama.

"Sasa waje," akamwambia mkewe. "Wataibeba pamoja na Mbale nzima."

Mwaka uliofuata wakaja, mchana kweupe, wala hawakuja kubeba. Aliyetangulia alikuwa Sajini Gaster, askari mnene mwenye sauti ya kuchangamka. Nyuma yake alikuwa Semei, karani wa kamati ya kugawa majengo yaliyoachwa na Wahindi, kijana aliyewahi kusoma sheria kabla masomo hayajakatika.

"Wewe iko nani hapa?" akauliza sajini.

"Mpangaji, afande. Naitwa Wasike."

"Sasa nyumba iko yangu. Kamati napatia mimi. Kesho saa sita nataka funguo."

"Nimesikia, afande. Nitaondoa mashine yangu."

Gaster akacheka, akaipiga injini teke la kirafiki. "Mashine yako wapi? Hii nazaliwa hapa hapa. Angalia, mpaka mizizi iko!"

Akazunguka nyuma ya jengo kukagua urithi wake. Wasike akamgeukia karani.

"Bwana Semei, anatania?"

"Hatanii, mzee. Sheria inagawa mali mafungu mawili. Iko isiyohamishika: ardhi, nyumba, na kila kilichokazwa humo hata kikawa kama kiungo cha nyumba. Mlango, bomba, paa. Na iko inayohamishika: kiti, gunia, baiskeli, hata hicho kinu chako kilichoshikwa na nati tu. Nyumba ikipata mwenyewe mpya, isiyohamishika inakwenda nayo. Ile nyingine inamfuata mwenye nayo."

"Na injini?"

"Injini ilikuwa inahamishika. Umeitoa kwenye fungu lake mwenyewe, kwa saruji yako."

"Nilikuwa naikinga na wezi!"

Semei akatazama mlango wa nyuma, akashusha sauti. "Mpangaji aliyekaza chombo cha kazi yake anaruhusiwa kukifungua, maadamu upangaji wake haujaisha na jengo haliharibiki. Ukishatoa funguo, ruhusa imekwisha. Mimi sijakwambia kitu."

Sheria hiyo ni nzuri. Iliwekwa ili mpangaji asing'oe milango ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asimeze jasho la mpangaji. Lakini sheria huhitaji watu wa kuisimamia, na siku zile hakimu aliyemuuliza askari swali alijua huenda asirudi kwake jioni. Nchi ambamo haki husemwa kwa kunong'ona, hata ikijaa majengo, haina nyumba.

Wasike akachukua nyundo na tindo. Mumewe akipiga, Nasimiyu alizoa vipande. Zege lilikuwa imara. Alikuwa amelichanganya kwa moyo wake wote.

"Ungekuwa fundi mbovu, Baba Enos, leo tungemshukuru Mungu," akasema Nasimiyu.

"Shika tindo, Mama Enos."

"Maji yamezidi unga. Tuache tu, twende Jinja, kule Wanyange kwa kaka yangu."

Hakuacha. Kesho yake asubuhi viganja vilikuwa vimechubuka, mguu mmoja wa injini uko wazi, mitatu bado imekaa kama meno ya mamba. Saa sita haijafika, sajini akatokea na karani wake. Akaliona shimo, akatikisa kichwa.

"Wee, mzee, wewe naharibu nyumba yangu! Lakini mimi si mtu mbaya. Wewe baki. Saga kwa mimi. Mshahara iko."

Nasimiyu alimtazama mumewe. Mshahara ungewalisha. Wasike akaketi juu ya vifusi, akakung'uta mavumbi magotini mwake.

"Afande," akasema, "kuajiriwa nilikwisha maliza kule Jinja."

Akainuka, akafungua nati za kinu, na kabla hajakigusa kukibeba, akamkabidhi Gaster funguo.

"Na hiyo napeleka wapi?" akauliza sajini, akikionyesha kinu.

"Kinu kinahamishika, afande," akasema Semei haraka, macho chini.

"Peleka tu kichuma chako. Mimi napata kubwa."

Wakakipandisha kinu kwenye mkokoteni, wakaanza kusukuma kuelekea stendi. Hawajafika njia panda, injini ikanguruma nyuma yao, kwa nguvu zake zote, mkanda wake ukizunguka hewani. Nabifo, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa anakuja na debe kichwani.

"Kumbe leo mnasaga!"

"Afande ndiye anayesaga," akajibu Nasimiyu.

"Anasaga nini, na kinu mnacho ninyi?"

Wasike hakugeuka. Mgongo ulimuuma, na stendi ya magari ya Jinja ilikuwa bado mbali.