Sikio Langu la Kulia

Nilipokuwa mtoto pale Ihumwa, enzi ambazo Wajerumani waliwachukua baba zetu kwenda kujenga reli, mimi nilikuwa na shida moja tu duniani: ndewe ya sikio langu la kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto.

Shida hiyo sikuijua mpaka mchuuzi mmoja wa Kondoa alipopita na kioo. Wenzangu walijitazama wakacheka. Mimi nilijitazama nikalishika sikio la kulia. Sisi Wagogo tulitobolewa masikio tungali wadogo, ndewe zikatanuliwa polepole kwa vipande vya mti, na ngoma ya mavuno ilikuwa imekaribia. Nikaapa sitaingia uwanjani na masikio yasiyolingana. Kila asubuhi nilichelewa kisimani nikijichungulia majini, hata mama akadhani nina mchumba.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mtunga shanga, na kila mkufu aliutia dosari makusudi: shanga nyekundu moja katikati ya nyeupe.

"Mizimu ikiona kitu hakina kasoro, hudhani kimekamilika, hukichukua," aliniambia. "Liache sikio lako, mjukuu wangu."

"Watanicheka, Bibi."

"Nani? Nani anayekupima masikio zaidi yako?"

Sikumsikiliza. Siku nne kabla ya ngoma nikasukumiza sikioni kipande kinene cha mti alichokuwa akivaa baba mdogo. Ndewe ikachanika. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilisalimika. Nililia sana, na si kwa maumivu, bali kwa kuamini nimeharibika maisha yangu yote.

Bibi hakunikaripia. Aliniosha kwa maji ya chumvi, akasema, "Haya, sasa una shanga yako nyekundu. Mizimu haikutaki tena."

Nikacheka huku nalia. Lakini ngomani sikwenda. Niliisikia nikiwa ndani ya tembe, wenzangu wakiimba, na uchungu wa jioni ile ninao mpaka leo.

Habari za mizimu sizijui. Najua tu kwamba miaka baadaye Bibi alipofuka macho, na wajukuu tulikuwa wengi. Kila aliyemwamkia, "Mbukwa, Bibi," aliulizwa, "Wewe nani?" Mimi nilikuwa nainama kimya. Alinyoosha mkono, akapapasa ile ndewe iliyochanika, akanitaja jina.